Ruhusa ya Msimamizi katika Kompyuta

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya jambo moja linalowasumbua watu wengi wanaotumia kompyuta, nami nimekubali kwa furaha. Jambo lenyewe ni hili: vyombo vya kutengenezea vilivyomo ndani ya kompyuta yenyewe, na ruhusa ya msimamizi inayotakiwa kabla vyombo hivyo havijakubali kufanya kazi.

Mwaka huu nimepewa kazi ya kutunza chumba cha kompyuta, na karibu kila juma mtu hunijia na taabu ileile. Ameambiwa na rafiki kwamba akiandika amri fulani kompyuta yake itapona. Ameiandika sawasawa, herufi kwa herufi, na kompyuta imemjibu “Access is denied”, maana yake umekatazwa. Hapo huanza kudhani kwamba mashine imeharibika zaidi, ama kwamba rafiki yake amemdanganya. Sivyo. Amri ni ya kweli, na mashine imefanya ilivyopaswa. Kilichokosekana ni ruhusa. Wako na wengine wasemao kwamba neno la siri la msimamizi tunawanyima kwa kiburi tu. Hao nao nitawajibu mwishoni, kwa kuwa swali lao ni la haki.

Kompyuta zetu hapa shuleni hutumia Windows na husema Kiingereza, kwa hiyo maneno ya skrini nitayataja kama yanavyoonekana.

MSIMAMIZI NI NANI?

Kompyuta moja huweza kutumiwa na watu wengi, kila mmoja kwa akaunti yake. Akaunti hizo ni za namna mbili. Mtumiaji wa kawaida aweza kuandika barua, kuchapa, kusoma intaneti na kuhifadhi faili zake. Hawezi kugusa faili za mwenzake, wala zile faili zinazoiendesha mashine. Msimamizi aweza kuweka programu kwa ajili ya watu wote na kuziondoa, kufungua akaunti mpya, kufikia faili za kila mtu, na hata kuizima programu inayoilinda kompyuta na virusi.

Mfano wake ni ghala ya chakula. Wanafunzi wote hula, na wapishi wote hupika, lakini ufunguo wa ghala hushikwa na mtu mmoja. Si kwamba wengine ni wezi. Ni kwamba mlango ukiachwa wazi siku moja tu, hata mbuzi wa jirani ataingia, na njaa itakuwa ya wote.

Desturi hii ni ya zamani. Katika Unix, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, msimamizi huitwa root. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni ambayo hufundishwa mpaka leo: kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaotosha kwa kazi iliyo mbele yake, wala usizidi. Karibu na mwaka 1980 Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, waliandika programu iitwayo sudo. Kwa sudo mtu huazima uwezo wa msimamizi kwa amri moja, na amri ikiisha hurudi kuwa mtu wa kawaida. Wale wenye kompyuta za Linux huitumia kila siku.

Kwa watu wa nyumbani Windows ilichelewa katika jambo hili. Windows XP ilitoka mwaka 2001, nayo akaunti ya kwanza iliyofunguliwa ilikuwa ya msimamizi. Watu wengi waliitumia hiyohiyo kwa kila kazi, hata kusikiliza nyimbo. Basi mtu alipofungua faili yenye virusi kutoka katika flashi ya rafiki, virusi ile ilianza na uwezo wote wa mwenye nyumba. Windows Vista ilipotolewa kwa watu wote mwezi wa Januari 2007, ndipo kilipokuja kile kisanduku cha kuuliza ruhusa, kiitwacho User Account Control. Watu walikichukia mno, maana kiliuliza mara nyingi. Katika Windows 7, mwaka 2009, maswali yalipunguzwa, lakini kisanduku kipo hata leo.

HATI MBILI

Yafaa tujue kazi inavyofanyika ndani. Msimamizi anapoingia katika kompyuta, Windows humwandikia hati mbili. Ya kwanza ni ya mtu wa kawaida, ya pili ina uwezo wote. Hiyo ya pili huwekwa kando, na kila programu anayoifungua huanza na ile ya kwanza. Kwa hiyo hata msimamizi mwenyewe, anapoandika barua, hutembea kama mtu wa kawaida. Programu inapohitaji hati ya pili, skrini hutiwa giza kidogo na kisanduku hutokea kuuliza: je, unakubali programu hii ifanye mabadiliko katika kompyuta? Msimamizi hujibu ndiyo au la. Mtumiaji wa kawaida huulizwa neno la siri la msimamizi.

Giza lile si pambo. Wakati ule kisanduku huwa mahali pa peke yake ambapo programu nyingine hazifiki, ili virusi isije ikajijibia “Yes” yenyewe.

Mambo mawili yafuata hapo, na mwenye kuyashika amekwisha kujifunza nusu ya somo hili.

Kwanza, hati hutolewa programu inapoanza, wala haiongezwi baadaye. Dirisha la amri ulilolifungua bila ruhusa litabaki bila ruhusa, hata kama wewe ni msimamizi, na hata ukiiandika amri mara mia. Sharti ulifunge, ulifungue upya kwa ruhusa.

Pili, programu huirithisha hati yake kwa zile inazozifungua. Ukifungua dirisha la amri kwa ruhusa, kisha ndani yake ukaandika notepad, basi ile Notepad nayo ina uwezo wa kuandika juu ya faili za mfumo. Kisanduku hakitauliza tena, kwa kuwa ulikwisha kujibu.

JINSI YA KUOMBA RUHUSA

Bonyeza kitufe cha Windows katika kibodi, kisha andika cmd. Jina “Command Prompt” litatokea. Usibonyeze Enter. Bonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague “Run as administrator”, yaani endesha kama msimamizi. Wenye kupenda kibodi waweza kubonyeza Ctrl, Shift na Enter pamoja. Matokeo ni yaleyale.

Iko njia ya pili. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi X. Orodha hutokea pembeni mwa skrini, na ndani yake mna dirisha la amri lenye neno “Admin” ubavuni.

Njia ya tatu hufaa pale orodha ya chini ya skrini imekufa na haibonyezeki. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, na Task Manager itafunguka. Chagua kuendesha kazi mpya, andika cmd, na utie alama katika kisanduku kidogo kisemacho kwamba kazi hii iwe na uwezo wa msimamizi.

Kisanduku cha kuuliza kikitokea, kisome kabla ya kujibu. Tazama jina la programu na jina la mwenye kuitengeneza. Chombo cha Windows chenyewe huonyesha “Verified publisher: Microsoft Windows”. Kama mtengenezaji hajulikani, kisanduku huja na rangi ya manjano na neno “Unknown”. Na kama kisanduku kimetokea nawe hukufungua kitu chochote, jibu “No” bila kusita.

NITAJUAJE KAMA RUHUSA IMEPATIKANA?

Zipo alama mbili. Dirisha lenye ruhusa huandikwa juu yake neno “Administrator”. Tena, dirisha la kawaida huanzia katika folda ya mtumiaji, mathalani C:\Users, likifuatiwa na jina lake. Lile la msimamizi huanzia C:\Windows\System32. Atakaye kuhakikisha zaidi aandike whoami /groups, kisha atazame mistari ya mwisho. Akiona “High Mandatory Level”, ruhusa anayo. Akiona “Medium”, hana.

VYOMBO VYENYEWE

Kabla ya kuomba ruhusa, jiulize kama inatakiwa kweli. Vyombo vingi vya kutazama havina haja nayo. Amri ya ipconfig hukuonyesha anwani ya mashine katika mtandao. Ping hujaribu kama mashine nyingine yajibu. Systeminfo hueleza kumbukumbu na toleo la Windows. Tasklist hutaja programu zinazokwenda. Mtumiaji wa kawaida aweza kuzitumia zote. Mwenye kutazama haombi ufunguo. Mwenye kubadili ndiye auombaye.

Sasa nitaeleza vinne vya kubadili, ambavyo ndivyo vinavyoulizwa sana.

1. sfc /scannow. Chombo hiki huzikagua faili za Windows moja moja. Ikiona iliyoharibika, huiondoa na kuweka nakala nzima mahali pake. Mwishoni hutoa moja ya majibu haya: hakuna ubovu, ubovu ulikuwapo na umetengenezwa, au ubovu upo na baadhi yake umeshindikana. Mtu akipata jibu la tatu asikate tamaa, atumie chombo kinachofuata. Faili zako mwenyewe, kama vile insha na picha, sfc haizigusi.

2. DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Ile sfc huchukua nakala zake nzima katika bohari iliyomo ndani ya diski. Bohari yenyewe ikiwa mbovu, sfc itatoa wapi? Hapo DISM huitengeneza bohari. Kwa desturi huleta vitu vyake kutoka Microsoft kwa njia ya intaneti, kwa hiyo wenye kununua intaneti kwa kipimo waangalie salio kwanza. Hesabu yake huweza kusimama mahali pamoja muda mrefu. Usilifunge dirisha kwa kukosa subira. DISM ikimaliza, endesha sfc tena. Kwa Windows 10 na 11 Microsoft yenyewe hushauri kuanza na DISM ndipo ifuate sfc.

3. chkdsk C: /f. Hii hukagua mpangilio wa diski na kuondoa makosa. Bila /f hutazama tu bila kutengeneza. Kwa kuwa diski ya C ndiyo inayotumika, chombo kitasema hakiwezi kuishika sasa, na kitauliza kama kikague mashine itakapowashwa tena. Ukijibu Y, kazi itafanyika wakati wa kuwasha. Hapa nina neno la nguvu kwa sisi ambao umeme wetu hukatika bila kuaga. Diski inapotengenezwa, mashine isizimike katikati. Kompyuta ya mkononi iwe imechomekwa na betri imejaa. Ile ya mezani ingoje saa ambazo umeme umezoea kutulia, au jenereta iwe inakwenda. Kabla ya yote, nakili kazi zako mahali pengine, maana diski inayohitaji kutengenezwa ni mgonjwa, na mgonjwa aweza kufa mikononi mwa daktari mwema.

4. diskpart. Hiki ndicho chombo kikali kuliko vyote vinne. Watu hukitumia kuiokoa flashi iliyokataa kufunguka. Huandika diskpart, kisha list disk, na orodha ya diski hutokea kwa namba: Disk 0, Disk 1, na kuendelea. Huchagua moja kwa select disk na namba yake, kisha huandika clean. Sasa sikilizeni. Amri ya clean haiulizi “Je, una hakika?” Huondoa migawanyo yote ya diski iliyochaguliwa, papo hapo. Ulinzi wako ni macho yako tu. Kwa hiyo tazama ukubwa. Flashi iliyouzwa kama ya GB 16 huonekana karibu GB 14, na diski ya ndani iliyouzwa kama ya GB 500 huonekana GB 465. Andika namba katika karatasi. Ichomoe flashi, andika list disk tena, uone ni namba ipi iliyotoweka. Irudishe, utazame mara ya tatu, kwa kuwa namba huweza kubadilika. Ukiisha kuchagua, andika list disk kwa mara ya mwisho: diski iliyochaguliwa huwa na alama ya nyota mbele yake. Haya yote ni kazi ya dakika mbili. Katika chumba chetu, diski moja hubeba kazi za mitihani za madarasa manne.

MAMBO MAWILI YANAYOWACHANGANYA WATU

Wapo watu waliopata ruhusa, na bado mambo yakawaendea kombo.

Wa kwanza ni yule mwenye diski ya mtandao. Katika ofisi nyingi herufi kama Z huelekea folda ya seva. Afungua dirisha la msimamizi, aandika Z:, aambiwa hakuna kitu kama hicho. Ni kwa sababu hati ile ya pili huhesabiwa kama mtu mwingine aliyeingia, naye hakuunganishwa na folda ile. Dawa ni kuiunganisha upya ndani ya dirisha hilo kwa amri ya net use, au kuinakili faili katika diski ya C kwanza.

Wa pili ni mtumiaji wa kawaida ambaye msimamizi amekuja kumwandikia neno la siri. Tangu hapo programu ile huendeshwa kwa jina la msimamizi, si la mwenye kiti. Akihifadhi faili katika “Documents”, itakwenda katika Documents za msimamizi, naye ataitafuta kwake asiione. Haikupotea. Iko katika nyumba ya pili.

HABARI YA MAERSK NA SEVA YA GHANA

Sasa nitasimulia jambo lililotokea kweli, ili tuone uwezo wa msimamizi ukishikwa na adui unafanya nini.

Tarehe 27 Juni 2017 programu ya uharibifu iitwayo NotPetya iliachiliwa nchini Ukraine. Ilipitia katika M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumiwa na makampuni mengi ya nchi ile. Ilienea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuitolea dawa mwezi wa Machi mwaka uleule. Ya pili ndiyo ituhusuyo. Ilipopata uwezo wa msimamizi katika kompyuta moja, ilichungulia kumbukumbu ya mashine na kuiba vitambulisho vya watu walioingia humo. Kisha, kwa vitambulisho hivyo, ilitumia vyombo vya Windows na vya Microsoft ambavyo mafundi huvitumia kila siku kuongoza mashine za mbali. Kompyuta za mbali zilitii, maana ziliona jina la bwana wao. Hata mashine zilizokwisha kupata dawa ya ile kasoro ziliangamia kwa njia hii ya pili.

Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake sisi tusio na bahari huyaona yakipanda kutoka Mombasa, ilikuwa na kompyuta chache nchini Ukraine. Zilitosha. Kwa muda mfupi kompyuta zake zilizimika duniani kote. Baya zaidi, zilifutika seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Zilikuwa karibu 150, na kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba zote zaweza kufa siku moja. Bila orodha ile kampuni haikuweza kujua nani ni nani.

Walitafuta kila mahali, wakapata moja tu iliyo hai. Ilikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, na seva ile ikawa imetengana na mtandao. Mtandao wa Ghana haukuwa na kasi ya kutosha kutuma habari zote hizo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kuingia nchi ile. Basi mmoja wao aliruka mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski katika uwanja wa ndege, naye huyo akaipeleka London. Katika siku kumi kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Sisi huulaani umeme unapokatika, na tuna haki. Lakini mafundisho ya habari hii si kwamba giza ni jema. Mafundisho ni mawili: nakala moja iwekwe mbali, isiyounganishwa na chochote, na kitambulisho cha msimamizi kisitumiwe ovyo katika kila mashine, kwa kuwa kinapopita huacha nyayo, na nyayo zile zaweza kuokotwa.

WALE WANAOPIGA SIMU

Neno hili ni hasa kwa ndugu zetu walio maofisini. Adui hana haja ya kuvunja mlango ikiwa mwenyewe atamfungulia. Mwanafunzi mmoja wa zamani, ambaye sasa ni karani, alipotutembelea alitueleza kwamba alipigiwa simu na mtu aliyejiita fundi wa kampuni kubwa ya kompyuta. Aliambiwa afungue Event Viewer, na kweli akaona alama nyekundu nyingi. Yule mtu akasema, “Bwana, hizo zote ni virusi. Sasa weka programu nitakayokutajia, na kisanduku kikiuliza, bonyeza Yes.” Ndugu yetu akamwuliza, “Kama wewe ni fundi wa kompyuta hii, jina lake ni nani?” Simu ikakatwa.

Jueni kwamba Event Viewer ni daftari la matukio tu, na katika kompyuta iliyo nzima kabisa huwa na alama nyekundu. Mlaghai hutumia chombo cha kweli kumtisha mtu, kisha humwomba ile “Yes” moja. Akiisha kuipata, hahitaji kitu kingine.

JE, WANAFUNZI WAPEWE NENO LA SIRI?

Nimefika katika swali nililoliahidi. Wenzangu wengine husema: tutajifunzaje ufundi ikiwa tumefungiwa? Wanasema kweli kwa upande mmoja. Mtu hajui kuogelea kwa kusoma kitabu. Tena shule inayowakataza wote bila kuwafundisha hata mmoja itabaki bila fundi siku mwalimu atakapohamishwa.

Lakini kompyuta za chumba chetu ni 20, nasi tunazitumia kwa zamu. Neno la siri likijulikana na watu arobaini, si siri tena, na jambo likiharibika hatutajua tumwulize nani. Kwa hiyo rai yangu ni hii. Itengwe kompyuta moja kuukuu, isiyo na kazi ya mtu yeyote na isiyounganishwa na mtandao wa shule. Katika hiyo, wanafunzi wanaopenda ufundi wawe wasimamizi, waendeshe diskpart mpaka wachoke, waiharibu na kuitengeneza. Katika zile nyingine wabaki watumiaji wa kawaida, mimi nikiwa mmoja wao. Neno la siri ninalo, lakini akaunti yangu ya kila siku ni ya kawaida kama zenu. La msimamizi huandikwa pale tu kazi inapolitaka. Na kila litumiwapo, liandikwe katika daftari la chumba: tarehe, mashine, amri, na sababu. Mwezi nitakaoondoka, neno hilo litabadilishwa, nami sitalijua. Ndivyo ipasavyo. Ruhusa hii huazimwa kwa kazi, na kazi ikiisha hurudishwa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Umefungua dirisha la amri, ukaandika sfc /scannow, ukakataliwa, ingawa wewe ni msimamizi. Kwa nini? Utafanya nini?
2. Kati ya ipconfig, chkdsk C: /f, ping na diskpart, zipi hazihitaji ruhusa ya msimamizi?
3. Katika orodha ya diskpart waona Disk 0 yenye GB 465 na Disk 1 yenye GB 14. Flashi ni ipi? Utahakikishaje kabla ya kuandika clean?
4. Karani ameandikiwa neno la siri na msimamizi, akahifadhi barua katika Documents, na sasa haioni. Iko wapi?
5. Kisanduku cha ruhusa kimetokea wakati unasoma gazeti katika intaneti, nawe hukufungua kitu. Utajibu nini, na kwa sababu gani?

Atakayejibu yote matano na aje chumba cha kompyuta Jumamosi alasiri. Mashine kuukuu tunayo moja, haina panya wala kioo kizuri, lakini yawaka.